Komeo la Kanisa la Zamani la Bulamuka

Sajini Mstaafu Gaster Wabwire,
Kijiji cha Bulamuka, njia ya Buwenge,
Jinja.

Kwa Mheshimiwa Kasisi Mkuu,

YAH: KUPINGA KUBOMOLEWA KWA KANISA LILILOJENGWA SAWASAWA

Afande,

Nakuamkia kwa heshima zote. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu uliwahi kuwa kasisi wa wanajeshi kule kambini Kimaka, na mimi nilikuwa askari magereza miaka thelathini, kwa hiyo tutaelewana haraka bila kupitia kamati ya kanisa.

Nimepata habari kwamba Jumamosi ya wiki ijayo kanisa letu la zamani litabomolewa ili matofali yake yajenge vyoo vya kanisa jipya. Habari hiyo imeninyima hamu ya kula. Wanadai eti jengo lina kasoro. Niruhusu nieleze historia yake, maana wanaolisema vibaya hawajui lilikotoka.

Lilijengwa na wafungwa. Mmishonari wa wakati huo aliomba watu wa kazi gerezani, akapewa wanaume ishirini na nyapara wao. Kabla hawajaanza akaugua malaria, akaenda kulazwa Mbale na michoro ikiwa mfukoni mwake. Nyapara hakutaka watu wakae bure, akajenga jengo pekee alilolijua. Mmishonari aliporudi alikuta wodi ya gereza, yaani bweni la wafungwa, yenye msalaba juu. Wanasema alilibariki hivyohivyo.

Sasa malalamiko yangu:

1. Mhandisi Bogere ameandika kwamba madirisha ni madogo na yako juu mno, mtu hawezi kuona nje. Anayesali anataka kuona nini nje? Katika kanisa jipya madirisha yanaanzia kiunoni, na kila Jumapili waumini wanarudi nyumbani wakijua nani amepita na kuku wa nani kuelekea Buwenge. Somo la siku hawalijui.

2. Mwenyekiti wa kamati, Mama Brigid, amelicheka tundu la kuchungulia lililo mlangoni. Kwa tundu lile mtu aliye nje alijua nani anasinzia ndani. Kabla ya kulicheka, yeye mwenyewe alichungulia kwa dakika tano nzima.

3. Hili ndilo kubwa. Wanasema ni aibu mlango wa kanisa kuwa na komeo upande wa nje. Afande, baada ya kustaafu ni mimi niliyelifunga komeo hilo kwa miaka kumi na mmoja. Wimbo wa kwanza ukianza, nafunga. Baraka ikitolewa, nafungua. Niliwahesabu watu wakiingia, nikawahesabu wakitoka, na hesabu zililingana. Kanisa jipya lina pazia tu. Mchungaji wao akiulizwa ana waumini wangapi, anasema ni kama mia mbili. Gerezani ukijibu hivyo unavuliwa mkanda siku hiyohiyo.

4. Wanasema kanisa halitumiki tangu watu wahame miaka minne iliyopita. Si kweli. Kila Jumapili saa tatu nafika, nafunga komeo, nakaa nje kwenye kigoda changu mpaka saa sita, nafungua. Kwa miaka yote minne hakuna hata mtu mmoja aliyetoroka ibada. Naomba nionyeshwe kanisa lingine lenye rekodi hiyo.

5. Mtume Petro alipewa funguo. Hakupewa pazia.

Kwa hiyo naomba ubomoaji usimamishwe na waumini warudishwe, kwa mstari, wawili wawili. Ikishindikana, kanisa jipya liwekewe komeo la nje, na madirisha yake yazibwe mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu. Kisha mpango huo upelekwe kwenye makanisa yote kuanzia Jinja hadi Mbale, nami niko tayari kuzunguka nikiwafundisha wazee wa kanisa. Watu wakiachiwa mlango wazi wanatoka, Afande. Nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote na sijaona mtu anayebaki kwa hiari yake. Tena nikiondolewa pale mlangoni, kusema kweli, sijui Jumapili nitakuwa nani.

Nisalimie mama nyumbani, watoto, na maafande wote waliobaki Kimaka. Mke wangu Selpher angekusalimu pia, ila amehamia kanisa jipya na hajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi mtiifu wako,
Gaster Wabwire, Sajini (Mstaafu)

Nyongeza: Barua hii imekaa siku mbili bila kutumwa, na katikati ikaingia Jumapili. Nilikwenda kanisa jipya kukusanya ushahidi. Nilisimama kando ya mlango na kalamu ili niandike majina ya watoro. Pazia lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, mlango wazi kabisa, na mahubiri marefu kuliko ya zamani. Kwa saa mbili sikuandika hata jina moja. Wengine walikuwa nje, wakiomba wenzao wasogee ili waingie. Selpher aligeuka, akaniona, akasogea kwenye benchi. Miaka yote ile tulikwenda kanisani pamoja, lakini sikuwahi kukaa naye, wala kusikia neno la mahubiri, maana ukuta wa nyapara ni mnene. Basi maombi yangu yote nayafuta. Jumamosi wabomoe, nitakuja na nyundo yangu. Komeo nimeshaling'oa, nimempa jirani yangu Magidu kwa banda lake la mbuzi. Nilikaa karibu na mke wangu mpaka baraka, Afande, na hakuna aliyenifungia.