Pikapu Nyeupe Yenye Mlango wa Kijani

Jumatatu, 3 Agosti

Pikapu yetu imekufa. Imefia kwenye kilima cha masanduku ya barua, saa mbili asubuhi, na marobota tisa ya majani makavu mgongoni. Kishindo kimoja. Kimya. Halafu giaboksi barabarani, vipande vipande. Baba alivua kofia kama mtu aliyefiwa.

Ni janga. Maonyesho ya wilaya ni Ijumaa ya wiki ijayo, maili thelathini na mbili kutoka hapa ranchi. Mtamba wangu anaitwa Shangazi, kwa sababu huwatazama watu kwa dharau. Ana ratili mia tisa na hapendi kutembea. Nimemlea tangu alipokuwa ndama. Nimemwogesha, nimemchana mkia, nimemfundisha kusimama kwa heshima mbele ya majaji. Baba amesema bila gari la kuvuta trela hatuendi. Na mwakani Shangazi atakuwa ng'ombe mzima mwenye ndama, hataruhusiwa kwenye kundi la mitamba. Ni mwaka huu au basi.

Baba anataka pikapu nyingine ya dizeli iliyotumika, kubwa, yenye magurudumu manne nyuma. Nimejiteua kuwa mshauri wake. Mwalimu wetu, Bi. Aasen, hutufundisha hivi: angalia, andika, hitimisha. Nimefungua daftari jipya kwa kazi hiyo.

Baba bado hajui kwamba ana mshauri.

Jumatano, 5 Agosti

Tumekwenda mjini kwa gari dogo la Bibi. Magoti ya Baba yalikuwa karibu na masikio.

Muuzaji alikuwa na meno mengi. Pikapu yake ilikuwa nyekundu, inang'aa mpaka chini ya tumbo. Kanuni ya kwanza ya daftari: gusa boneti kabla ya salamu. Nikagusa. Ya moto! Yaani ameshaiwasha kabla hatujafika, ili tusione inavyokohoa ikiwa baridi. Nikamwambia hivyo, kwa adabu. Akacheka, akasema, "Ni jua tu hilo, binti."

Gari lilikuwa ndani ya banda.

Baba alimuaga vizuri sana. Njiani akasema gari la kazi linalooshwa mpaka chini ya tumbo lina kitu linachoficha. Nikaandika. Kisha akasema, "Macho unayo, Signe." Nimepiga mstari chini ya sentensi hiyo. Mistari miwili.

Alhamisi, 6 Agosti

TUMELIPATA.

Ni la Mzee Lindqvist, jirani yetu wa upande wa mtoni. Amefikisha miaka sabini na minane na binti yake amemshinda kwa maneno: anahamia mjini. Pikapu nyeupe, mlango mmoja wa kijani kwa sababu ule wa zamani ulipigwa teke na fahali. Boneti baridi kama jiwe. Ikawaka mara moja. Moshi kidogo, ukaisha. Matairi yamelika sawasawa pande zote. Na juu ya kikinga jua cha dereva kuna orodha ya penseli: kila siku aliyobadilisha oili kwa miaka kumi na tisa!

Mzee alisema angependa gari na ng'ombe wake viende kwa mtu mmoja, vimezoeana. Lakini hakuna jirani aliyejitokeza kuvinunua kwa pamoja, na ng'ombe wenyewe, arobaini na mmoja, wameshanunuliwa na Bwana Kossler. Sikuandika hilo daftarini. Halikuhusu ubora wa gari.

Kisha habari mbaya. Bwana Kossler analitaka na gari pia. Anakuja kesho jioni kulitazama.

Bwana Kossler ni baba yake Arlys. Arlys yuko darasani kwangu. Ana mtamba anayeitwa Almasi, na buti tatu. Jozi tatu, namaanisha. Wana pikapu mpya kabisa. Ya nini tena hii? Wivu tu! Nimehitimisha.

Nilimsihi Baba atoe neno pale pale. Baba hatoi neno juu ya kitu chochote mpaka akione mara mbili na kunywa vikombe vitatu vya kahawa. Amesema atarudi Jumamosi. Mtu huyu alimchumbia Mama kwa miaka sita.

Ijumaa, 7 Agosti

Nina mpango.

Bwana Kossler anajulikana kwa jambo moja: akiona tone la oili chini ya gari, huondoka. Nimechukua oili chakavu kutoka pikapu yetu marehemu, nikaijaza kwenye chupa ya jamu ya Bibi. Saa nane mchana nikaendesha baiskeli hadi kwa Mzee, na pai ya plamu kikapuni kama kisingizio. Mzee alifurahi mno. Akaingia ndani kutafuta kisu. Nikainama. Nikamwaga chini ya injini, kidogo tu, kiasi cha sahani.

Nilikula vipande viwili vya pai ili nisionekane na wasiwasi.

Haikuwa uongo. Sikusema neno lolote.

Jumamosi, 8 Agosti

Bwana Kossler hakuja jana. Alikwama na mashine ya kufunga majani.

Baba alikwenda leo asubuhi bila kuniambia. Alirudi, akakaa kwenye ngazi, akatazama buti zake. Nikamuuliza. Akasema, "Nilikuwa nimeshalipenda gari lile. Lakini linavuja, mwanangu."

Nikamwambia pengine ni tone dogo. Akasema ni kiasi cha sahani.

Nikamwambia kuna magari yanayovuja mara moja tu maishani. Akasema yeye hajawahi kuliona gari la namna hiyo, na kwamba Shangazi atatuelewa.

Shangazi hatatuelewa. Nilimweleza jioni nikimpiga brashi. Alinigeuzia mgongo.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani sikuimba. Baada ya ibada kulikuwa na chakula, na Mzee Lindqvist aliketi peke yake mbele ya saladi ya jeli bila kuigusa. Bibi akamuuliza nini kimemsibu. Akasema gari lake limemwaibisha. Miaka kumi na tisa halijadondosha kitu, na sasa, wiki anayoliuza! Ametambaa chini yake siku nzima ya jana na mgongo wake mbovu. Hakuona pa kuvuja. Akasema labda na yeye amezeeka, haoni tena.

Nilitoka nje. Nikajifanya natazama panzi.

Kisha nikasikia fimbo yake nyuma yangu. Akatoa kitu mfukoni, akaniwekea kiganjani. Kifuniko cha chupa ya jamu. Kina oili. Na juu yake, kwa mwandiko wa Bibi: Plamu, Agosti.

Akasema, "Nimekiokota leo asubuhi nyuma ya gurudumu. Hapo ndani nimelalamika ili nione nani atatoka nje."

Akaongeza kwamba pai ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniliza.

Amenipa hadi kesho nimwambie Baba mwenyewe. Asubuhi na mapema.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimemwambia. Baba hakupiga kelele. Alisema "Hm." Nilitamani kelele.

Tukaenda kwa Mzee kuomba radhi, magoti ya Baba masikioni. Niliomba radhi vizuri, kwa sentensi kamili. Mzee akasema yameisha, karibuni kahawa. Baba akakataa, kama ilivyo adabu. Akakaribishwa tena, akakataa. Mara ya tatu akakubali.

Sasa hapa pana jambo la ajabu. Baba alikuwa na haya kiasi kwamba hakuweza kulitaja gari hata kidogo. Kikombe cha kwanza wakazungumza mvua. Cha pili, panzi. Cha tatu, mazishi ya mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Mzee akaanza kuhangaika kitini. Akasema Bwana Kossler alipita jana jioni, akakataa kahawa mara zote tatu, akataja bei akiwa bado amesimama mlangoni. Akaifuta bei hiyo hewani kwa mkono, kama nzi. Baba akaguna, akatazama dirishani. Mzee akapunguza bei yake. Baba akazidi kuona haya, akatazama kikombe. Mzee akapunguza tena!

Mwishowe Mzee akapiga meza, akasema, "Orrin, nimefanya biashara miaka sitini, sijaona mtu mgumu kama wewe. Lichukue!"

Tumelichukua.

Baba aliendesha hadi kwenye masanduku ya barua. Hapo akasema nitasafisha sakafu ya trela kwa mswaki. Nimekubali.

Hitimisho la daftari: nisingemwaga oili, Baba asingeona haya. Asingeona haya, bei isingeshuka. Sijamwonyesha mtu ukurasa huu.

Ijumaa, 14 Agosti

Ninaandika nikiwa bandani kwenye maonyesho, mgongo kwenye ubavu wa Shangazi.

Uandikishaji wa mitamba hufungwa saa nne kamili asubuhi. Tuliondoka saa mbili. Gari lilipanda kilima cha masanduku ya barua na trela nyuma kana kwamba kilima hakipo. Baba alipiga filimbi! Tukafika kwenye lango la akina Kossler. Arlys alikuwa pale na buti mpya, wanampakia Almasi. Nilitaka tu atuone. Nikanyoosha mkono nikapiga honi. Mara tatu.

Baba alisema, "Signe, usi..."

Yeye alijua. Wilaya nzima ilijua, isipokuwa daftari langu. Majira ya baridi kumi na tisa Mzee Lindqvist amewalisha ng'ombe wake kwa gari hili. Wakisikia injini hii na honi tatu, wanajua chakula kimefika.

Nikatazama kioo. Ng'ombe arobaini na mmoja walikuwa wanakuja kwa mbio, masikio mbele, furaha tupu. Uzio haukuwapunguzia mwendo hata kidogo. Waya ziliimba. Wakaingia barabarani, wakajipanga nyuma ya trela letu kama wageni wa harusi. Tukipunguza mwendo, wanapunguza. Tukiongeza, wanakimbia. Bwana Kossler alitoka na ndoo ya chakula, anaitikisa, anawaita kwa majina mazuri. Walimpita kama nguzo. Akawaita kwa majina mengine.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Baba angeweza kukanyaga mafuta tu, twende. Nilimsihi. Akasema, "Ng'ombe wa jirani wako barabarani kwa sababu ya mkono wako." Akageuza gari na trela penye uwazi.

Tukawarudisha. Mwendo wa kutembea, maili mbili nzima, Shangazi akilalamika ndani ya trela. Tukaingia nao malishoni, Baba akapiga honi tatu, wakatuzunguka wakingojea chakula. Bwana Kossler akawamwagia ndoo yake. Wakala huku wakiitazama pikapu yetu kwa mapenzi.

Ilikuwa saa tatu na robo. Bwana Kossler alihitaji gari lake na vifaa vyote kukarabati uzio, asingeweza kwenda popote. Arlys alisimama na kamba ya Almasi mkononi, mdomo unatetemeka. Sikuwahi kumwona hivyo. Baba akasema trela lina nafasi ya wawili.

Kwa hiyo Arlys alikaa katikati yetu na buti zake mpya zenye mavi. Nikasema samahani. Akasema, "Baba yako alikwambia nini kuhusu gari hili? Unadhani tulilitaka la nini?" Nikasema sijui. Akasema ng'ombe wale hawaji kwa gari lao jipya, hawalitambui. Baba yake hupiga honi kila asubuhi mpaka mama yake anaziba masikio na mto. Halafu akaanza kucheka. Nikacheka. Baba alitazama barabara, lakini mabega yalikuwa yanacheza.

Pikapu haikukohoa hata mara moja. Tulifika saa nne kasoro dakika nne.

Almasi amekuwa wa pili. Shangazi amekuwa wa tano. Tulikuwa watano. Lakini alisimama vizuri, na alimtazama jaji kwa dharau hadi jaji akarekebisha tai.

Jumapili, 16 Agosti

Mambo yametulia. Kila asubuhi Baba anaendesha pikapu hadi kwa akina Kossler na kuwalisha ng'ombe wao, huku gari lao jipya likifuata nyuma polepole, mpaka walizoee. Baada ya kazi wanakunywa kahawa kwetu. Bwana Kossler sasa anakubali mara ya tatu. Arlys amenipa buti zake za zamani. Zinanibana, lakini sijasema.

Baba amenikalisha chini. Ameniuliza nimejifunza nini. Nilijibu kwa sentensi kamili: uaminifu ni bora, hila huumiza wazee, honi isiguswe. Akasema "Hm," lakini ya aina nzuri.

Nimefungua ukurasa mpya. Nilipoisugua sakafu ya trela kwa mswaki, mswaki ulitokea upande wa pili. Ubao umeoza. Tunahitaji trela lingine, na Mzee Lindqvist anauza lake, zima kabisa, la chuma. Baba amesema atakwenda kulitazama Jumamosi. Arlys kaniambia kwa siri kwamba baba yake anakwenda Ijumaa.

Trela halina oili. Nimeliwazia jambo hilo ibada nzima.

Nimeshakusanya kutu nusu chupa. Safari hii kifuniko nimekiacha nyumbani.