Isale Mbele ya Maikrofoni

Jumatatu, 3 Juni 1996

Wakazi wote wa Moshi mjini, Uru na vitongoji vyake mnatangaziwa kwamba leo asubuhi kuku mwekundu wa Theopista ametaga juu ya betri ya gari, na kwamba yai na betri vyote viko salama. Mwisho wa taarifa ya habari.

Nimeisoma mara kadhaa mbele ya ng'ombe. Sauti imetulia. Ng'ombe aliacha kutafuna.

Basi ni rasmi. Mimi Sirili, mkulima wa kahawa na ndizi, nina redio. Si ya kusikiliza, ya kusemea. Redio za watu binafsi zimeruhusiwa, Dar wanazo, sisi tumekosa nini? Mke wangu Theopista ameulizia kibali. Nimemwambia mtoto azaliwe kwanza, cheti kitafuata.

Miaka mingi nilisoma matangazo kanisani baada ya misa, mpaka padre akampa kazi hiyo Kornelia, eti matangazo yangu yamekuwa marefu kuliko mahubiri. Sawa. Kornelia ana kanisa. Mimi nitakuwa na mji mzima.

Mtambo kauunda Mudrik, fundi redio wa Majengo, kwa vipuri vya redio zilizokufa. Hauzidi kopo la kahawa. Alinionya: mzee, hii itafika pale unapoweza kumwita mtu akaitika, basi. Lakini Mudrik ni mtu wa mjini, hajui mfongo. Sisi tumekua tukiyaona maji ya mfereji yakitoka juu mlimani, yakipita shamba kwa shamba, kihamba kwa kihamba, yakishuka yenyewe bila kusukumwa. Na sauti vilevile. Moshi iko chini yetu. Kazi yangu ni kuifungulia tu.

Jumatano, 5 Juni

Mlingoti wa antena umesimama. Mwanzi mrefu kuliko wote kijijini. Tatizo lilikuwa mahali. Pale panapofaa, palipoinuka, ni mpakani na Basili, kaka yake Theopista. (Nilioa kwa jirani. Ndiyo maana sijawahi kugombana kwa siri.) Na pale mpakani babu zetu walipanda masale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea mpaka.

Niliyang'oa matatu, kwa heshima, nikayapanda upya mbele kidogo, upande wa Basili. Sikuchukua ardhi yake. Nimeazima hewa.

Theopista alisimama mlangoni na ungo mkononi. Akauliza kama ni kweli nimeng'oa isale, lile lile tunaloonyeshea mpaka, lile lile tunalolishika tukienda kuomba msamaha. Nikamwambia halijafa, limehama. Akaingia ndani na ungo wake.

Ijumaa, 7 Juni

Tumeanza! Jioni ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, kila jani likawa linadondosha maji polepole, kama linalohesabu. Niliketi bandani, nikasema: hii ni Sauti ya Mteremko. Kisha nikanyamaza kidogo ili mji ujiweke sawa.

Niliiona ikienda. Ilipita juu ya migomba, ikavuka mto, ikateremka kando ya mibuni, ikaingia mjini kama mgeni aliyekuta mlango wazi. Kule Majengo mama mmoja kaacha mwiko ndani ya sufuria. Kule Pasua mtu kamwambia mwenzake, hebu nyamaza. Nilisalimia Njoro, nikasalimia Kiboroloni. Nikasoma bei ya kahawa, ile ninayoitaka mimi. Ng'ombe alinitazama kwa macho ya mtu aliyefarijika.

Nimelala nikiwa mwepesi.

Jumamosi, 8 Juni

Basili kaja na kamba. Alipima kimya kimya, akatema mate upande wangu, au upande wake, kwa sasa ni vigumu kujua. Akasema, shemeji, hilo isale babu yangu alilipanda, babu yako akiwa ameshika jembe. Wewe umeling'oa ili uongee na nani?

Nikasema na Moshi.

Akasema vizuri. Basi wageni wa Gladness wakija, mjomba naye atoke Moshi.

Hapo nilikumbuka. Jumamosi ijayo watu wa Mwika wanakuja kumposea kijana wao Fredy binti yetu Gladness. Bila mjomba wa binti kuonja, pombe ya mbege haionjwi na mtu, na wageni hurudi na kibuyu chao. Gladness amesikia yote. Hakunilaumu. Alikwenda jikoni akamenya ndizi za mtori nyingi kuliko tunazoweza kula.

Jumatatu, 10 Juni

Theopista sasa anazungumza nami kupitia kwa ng'ombe. Leo alimwambia ng'ombe kwamba dawa ni rahisi: Baba Gladness arudishe masale mahali pake, achukue jani la isale, avuke kwa Basili. Aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hata wauaji walisamehewa hivyo zamani.

Masale nimeyarudisha. Mlingoti nimeuhamishia nyuma ya banda, bondeni kidogo. Lakini kuvuka? Kupita mbele ya nyumba ya Kornelia nimeshika jani kama mtoto wa Jumapili ya Matawi?

Tena nimefikiri. Mtu mwenye redio avuke ya nini?

Jumanne, 11 Juni

Nimemwomba Basili msamaha mbele ya mji wote wa Moshi. Jambo hilo halijapata kufanyika.

Nilisema, Basili, shemeji yangu, hapa nilipo nimeshika isale. Nikalisogeza karibu na maikrofoni. Kisha, ili asiwe na shaka, nikalitikisa.

Jibu limefika jioni hiyo hiyo kwa mdomo wa Kornelia, aliyelileta kwa furaha isiyo ya Kikristo. Basili anasema amesikia kitu kikichakacha. Huenda ni isale, huenda ni jani la mgomba, huenda ni Sirili anajikuna. Isale huonwa kwa macho na kupokewa kwa mikono.

Kwa hiyo alisikia! Msikilizaji wa kwanza amethibitishwa. Nimemwambia Theopista. Amemwambia ng'ombe kwamba kuolewa ni bahati nasibu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeshuka mjini kupokea pongezi. Nilipita sokoni polepole ili nitambulike. Mwantumu muuza dagaa alisema ndiyo, juzi alisikia mtu akikohoa. Tulipochunguza alikuwa mume wake.

Mudrik alifungulia redio pale dukani, akatafuta, akatafuta. Mvumo mtupu. Nikamwambia labda ndiyo hewa ya mlimani. Akasema, mzee, mawimbi si maji.

Nimerudi kwa miguu nikitafakari. Kibo, kilele cha mlima wetu, ilikuwa imejifunua juu ya mawingu, nyeupe, haishikwi na chochote, na hapo jawabu likanijia. Maji ya mfongo yasipofika chini, huko juu kuna mtu kayachepusha. Moshi haisikii. Basili anasikia. Na Basili ameezeka bati jipya.

Anachepusha mawimbi yangu.

Ijumaa, 14 Juni

Nilivuka asubuhi kwenda kulikagua bati. Kwa kuwa nisingeweza kuingia uani kwake mikono mitupu, nilikata isale, niwe na sababu.

Basili alikuwa ameketi barazani, redio ndogo kwenye kigoda kando yake. Aliponiona alilitazama isale muda mrefu. Akasimama, akalipokea kwa mikono miwili.

Akasema tangu mkewe Esther afariki, jioni zake zimekuwa ndefu. Kwamba ile Ijumaa sauti ilipoingia, alidhani nimeketi naye. Amekuwa akifungulia kila siku. Akasema ana lalamiko moja tu: nasalimia Njoro, nasalimia Kiboroloni, watu nisiowajua, wala siku moja sijaisalimu nyumba inayonisikia.

Mimi nilikuwa bado natazama juu, kwenye bati.

Jumapili, 16 Juni

Jana Gladness aliposwa. Mjomba alionja wa kwanza, akapitisha kata. Wazee wa Mwika walisikia habari ya isale, wakausifu unyenyekevu wangu, wakasema baba wa namna hii ni adimu. Niliinamisha kichwa. Theopista alinitazama kwa jicho la pembeni, lakini akanijazia kata yangu, na akanisemesha mimi, si ng'ombe.

Ukweli wenyewe ni huu. Sikwenda kuomba msamaha, nilikwenda kukagua paa. Sauti ya Mteremko haijawahi kufika Moshi. Inafika bandani kwangu, kwa Basili, na hatua chache kando ya mfongo ukigeuza redio vizuri. Bati halichepushi kitu, nimeligonga. Mji mzima niliouona ukinisikiliza ulikuwa mtu mmoja barazani.

Leo jioni nitamsalimia kwa jina.

Kisha tutaupeleka mtambo juu zaidi, maana kosa nimeliona: maji huanzia kileleni, si katikati. Basili amekubali kubeba betri. Mpakani na Yakobo, jirani wetu wa upande wa juu, pana kichuguu kizuri sana. Kina masale machache tu.