Gari Lisipate Baridi

Jumatatu, 1 Julai 1957

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: naogopa magari. Nimepanda mara moja tu, kutoka kijiji cha Miti, nikatapika ndani ya kofia ya padri. Kwa hiyo nimeamua kuwa bingwa wa magari yasiyotembea.

Nafasi imepatikana! Bwana Agronome, Mbelgiji mtaalamu wa kilimo ambaye Papa ni shofere wake, yaani dereva, anakwenda Ubelgiji hadi Januari. Gari litalala garajini, hatua chache kutoka nyumba yetu. Ameahidi kwamba akilikuta zima, litampeleka dada yangu Apolline kanisani siku ya harusi. Maman ameshatangaza hadi mtaa wa Kadutu.

Papa alimpa kazi ya kulitunza Pascal, mtoto wa shangazi, asiyejua kusoma. Mimi nina kitabu cha gari, kurasa tisini, Kifaransa kitupu. Nilimwonyesha Papa. Aliwaza sana, akasema tusaidiane.

Jumatano, 3 Julai

Ukurasa wa 62. Gari limepanda juu ya matofali, betri imetolewa. Pascal alifanya, mimi nilisoma kwa sauti. Kisha niliagiza maji yote ya rejeta yamwagwe, kwani Desemba yatageuka barafu na kupasua injini. Pascal aliniuliza kwa upole:

"Adalbert, barafu iko wapi huku Bukavu?"

Nilimjibu kwamba kitabu hakikuandika "isipokuwa Bukavu". Akaenda kuleta ndoo.

Yeye anataka tutoe gunia la mahindi garajini na kuziba bomba la moshi, eti panya. Nimetafuta panya katika kitabu kizima. Hakuna panya. Gunia limebaki.

Ijumaa, 5 Julai

Ukurasa wa 64: injini ifunikwe kwa kitu kizito, isipate baridi. Kitu kizito kuliko vyote nyumbani ni blanketi la Maman, walilomletea wakwe pamoja na mahari ya Apolline. Halitumii. Hufungua sanduku, akalitazama, akafunga. Nimeliazima. (Wakwe walileta na mbuzi pia. Ameshatafuna kamba tatu, sasa amefungwa kwa mnyororo.)

Injini imelala kama mgonjwa aliyetunzwa. Nina fahari.

Jumamosi, 13 Julai

Balaa! Bwana Agronome alikuja kuliaga gari lake. Alifungua boneti mwenyewe. Panya akaruka kutoka kwenye blanketi. Akafuata wa pili. Wa tatu alikuwa na watoto, hakuona sababu ya kuondoka.

Nyaya mbili zimetafunwa. Blanketi lina tundu la ukubwa wa sahani. Papa alivua kofia yake ya kazi. Bwana Agronome akasema basi, bibi harusi atakwenda kwa miguu. Apolline, aliyekuwa akianika nguo, alijifuta uso kwa shuka lililolowa.

Pascal aliunga nyaya mbele yetu sote, akatoa watoto wa panya, akatoa gunia, akaziba bomba kwa kitambaa. Ndipo akasema:

"Bwana, muezi wa kwanza itawaka. Ikikataa, mimi nitabeba Apolline ku mugongo."

Bwana Agronome alicheka. Ahadi imebaki! Lakini ufunguo wa garaji anao Pascal, nami nimekatazwa kugusa. Papa aliniweka mkono begani.

"Mutoto wangu, soma tu. Kushika, uachie wengine."

Maman bado hajaniambia neno. Ingekuwa afadhali anipige.

Jumapili, 14 Julai

Misa. Niliomba msamaha kwa ajili ya blanketi. Maman analitia kiraka.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa halikuwa la kitabu. Kosa ni langu: niliishia ukurasa wa 64, wala sikufika wa 71. Theluji! Imeandikwa wazi kwamba magurudumu yafungwe minyororo, la sivyo gari litateleza. Harusi ni Januari. Njia ya kanisani ni mteremko mtupu. Na dada yangu atakuwa ndani!

Pascal ameacha mlango wa garaji wazi ili hewa ipite, naye amelala. Nimekwenda nyuma ya jiko, nikaufungua mnyororo shingoni mwa mbuzi, nikaufunga vizuri kwenye gurudumu la nyuma, mbuzi akinitazama kutoka mlangoni, kisha nikarudi kusoma.