Rejeta ya Mchungaji

15 Juni 1953, Jumatatu. Njombe.

Mambo yameiva! Mchungaji ametuita mimi na Romanus mbele ya lile lori lake lenye nyumba mgongoni: vitanda, jiko, kabati, hata kidirisha chenye pazia. Atasafiri nalo na mkewe mpaka Arusha. Majuma matatu! Mimi nitengeneze nyumba, Romanus injini. Jumamosi tutalijaribu hadi Makambako, mimi kwenda, Romanus kurudi. Atakayemridhisha ndiye dereva wa safari.

Lazima niwe mimi. Mzee Yonathani, mzee wa kanisa, alishatamka kwamba barua ya posa ya binti yake Fidelia ataipokea kwa dereva, siyo kwa muosha magari. Barua ninayo mfukoni tangu Pasaka. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Nimepita kwao. Fidelia alikuwa akifuma sweta la kijani. Akaniuliza eti Romanus ananizidi mabega kwa kiasi gani. Nikamwambia vidole vinne. Msichana ana haya huyu! Anashindwa kunipima waziwazi, anapitia kwa mwingine.

16 Juni, Jumanne.

Meza ya ndani ya lori hugeuka kitanda. Nimeigeuza. Sasa haitaki kurudi kuwa meza. Nimebaki na skrubu tatu mkononi, sijui zimetoka wapi. Nimezihifadhi ndani ya birika la chai la Mama Mchungaji.

Jioni nimeona jambo. Romanus kalala chini ya lori, kafungua koki ya rejeta, maji yote chini! Kisha kanawa mikono na kwenda zake akipiga mluzi. Njama! Anataka injini iungue siku yangu ya kuendesha. Mtu mpole vile, kumbe! Nimesubiri apotelee bondeni, nikajaza maji mpaka juu.

17 Juni, Jumatano.

Baridi kali. Majani meupe kote. Lori limekataa kuwaka. Romanus kachungulia ndani ya rejeta, kachokoa kwa kijiti. Barafu! Akauliza nani kajaza maji. Nikasema labda ni umande. Akashinda chini ya lori akilehemu ufa.

Jioni akamwaga tena. Mbele ya macho yangu! Nimejaza tena, ila safari hii nimeifunika rejeta kwa blanketi langu. Nitalala na gunia.

18 Juni, Alhamisi.

Barafu tena. Blanketi nalo limeganda, linasimama lenyewe. Sielewi kabisa. Romanus analehemu tena. Fidelia kapita na kuni, akaniambia baridi ikiwa hivi maji hayaachwi chomboni, hata wao humwaga mtungi wa nje kila jioni. Nikamjibu injini siyo mtungi. Akacheka. Ananipenda.

Lakini kwa Mama Oktavia, muuza ulanzi, pombe ya mianzi, nimefumbuka macho. Nje palikuwa na beseni la maji: limeshika barafu. Kando yake kibuyu cha ulanzi: haujaganda hata tone! Ulanzi hauogopi baridi! Wazungu na vitabu vyao vyote hawajaliona hili. Nimempa koti langu la mvua, kanipa vibuyu vinne vya ulanzi wa mwisho wa msimu. Mtamu bado.

19 Juni, Ijumaa.

Romanus kamwaga maji. Nikamsaidia hata kushika spana. Alipoondoka nikamimina ulanzi wote. Harufu imekuwa kubwa kidogo. Nimepaka mafuta ya taa kwenye boneti.

20 Juni, Jumamosi. Makambako.

Asubuhi hakuna barafu! Romanus mwenyewe alishangaa lori lilivyowaka upesi. Mzee Yonathani akaomba lifti, anakwenda kikao cha wazee wa kanisa. Kavaa koti jeupe. Akakaa mbele pamoja nami. Mchungaji na Romanus nyuma, kwenye nyumba. Neema juu ya neema.

Nimeendesha kama mfalme. Nusu ya njia nikampa mzee ile barua. Posa hupelekwa na mshenga, najua, lakini mshenga hakuwamo ndani ya lori. Akaitia mfukoni, akasema ataisoma. Moyo wangu!

Kisha kioo cha mbele kikaanza kuingia povu. Nikadhani ukungu. Kisha mluzi. Tulipofika njia panda, mbele ya maduka, kifuniko cha rejeta kikaruka juu. Povu likafunika kioo, likaingia dirishani, likamwagikia mzee kuanzia kichwani. Mzee akalamba mdomo. Akalamba tena.

Watu watatu wakaja mbio na vikombe. Mchungaji akashuka, akauliza nini hiki. Nikasema kutu. Mzee Yonathani akasema taratibu kwamba amezaliwa Njombe, na kutu haijawahi kuwa tamu hivi. Akaenda kikaoni hivyo hivyo. Nasikia alikaa peke yake, karibu na dirisha.

Romanus kasafisha rejeta mara tatu, kaendesha kurudi. Mimi nimerudi nyuma, juu ya kitanda kisichotaka kuwa meza.

22 Juni, Jumatatu. Njombe.

Wameondoka. Dereva ni Romanus. Alikuwa kavaa sweta la kijani, limemkaa barabara. Kwangu lingepwaya vidole vinne! Masikini Fidelia, kakosea vipimo, kaona amwazime tu mpaka anifumie lingine. Hata alilia lori lilipoondoka. Uchungu wa sweta.

Mama Mchungaji alinirudishia skrubu tatu. Mzee Yonathani naye karudisha barua. Imelowa, wino wote umechuruzika, hakuna neno linalosomeka. Kwa hiyo hajaisoma. Kwa hiyo hajakataa!

Mimi nimewekwa kwenye mashine ya kusaga mahindi. Nayo ina injini, si haba. Jioni nimekagua: maji yamemwagwa yote! Na Romanus yuko njiani kwenda Arusha. Kumbe ana mwenzake hapa hapa!

Nimejaza mpaka juu. Kesho nitamuuliza Mama Oktavia kama pombe ya komoni huganda.