Kilima Kisichokauka

Jumatatu, 9 Juni 2008. Bangwe.
Miaka thelathini na sita tangu tuvuke mpaka tukiwa wakimbizi. Dada yangu Domitila amejiandikisha kurudi Burundi. Basi linaondoka Jumamosi. Nilikuwa na hakika atabadili mawazo, lakini leo amefunga godoro lake kwa kamba. Tangu nifiwe na mke, ni yeye pekee ninayezungumza naye Kirundi mezani. Nina siku tano. Mpango: nitamchorea kilima chetu cha kule tulikozaliwa kwa rangi za mafuta, kifanane hasa, akikiona asiwe na haja ya kwenda. Sijawahi kuchora. Si hoja.

Jumanne, 10 Juni.
Nimekwenda kwa Mwalimu Elinipa, Mpare aliyehamishiwa sekondari ya hapa. Ni mchoraji. Amenipa ubao, brashi mbili, rangi, na kichupa cha mafuta ya kitani ya kuchanganyia. Akasema milima ya mbali iwe ya buluu hafifu, ya karibu niikoleze. Tena nichore ninachokiona, si ninachokijua. Nimeitikia. Kilima chetu hakionekani kutoka Bangwe, ila sikutaka kumkatiza.

Jumatano, 11 Juni.
Balaa! Mafuta ya kitani yamekwisha kabla sijamaliza mbingu. Kumrudia Elinipa ni kukiri ufujaji. Nikakumbuka Ujiji nzima inanukia mawese. Nimechukua nusu lita kwa Mwanvua, muuza mafuta. Mafuta ni mafuta. Mwanvua aliuliza napika nini. Nikamwambia kilima.

Alhamisi, 12 Juni.
Alfajiri nimegusa ubao: umekauka! Nikamwita jirani yangu Oswald, tuliyezaliwa naye kilima kimoja, aje ashuhudie. Kosa. Alisema chemchemi ilikuwa kushoto kwa migomba, si kulia. Tukabishana mpaka Domitila akatoka. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema Oswald yuko sahihi.
Saa saba mchana jua likanionyesha ukweli. Ubao haukuwa umekauka. Mawese yaliganda tu kwa baridi ya asubuhi. Mteremko wote umeshuka chini. Sisimizi wako bondeni.

Ijumaa, 13 Juni.
Nimehamisha chemchemi mara mbili. Domitila alinikuta nimepiga magoti, napepea ubao kwa ungo.
“Januari, unachora au unakaanga?”
Nikamwomba asubiri wiki moja tu, kikauke.
“Nimesubiri miaka thelathini na sita. Twende wote ukakione.”
Nikasema siwezi kuacha rangi za watu. Aliingia ndani akamalizia mizigo.

Jumamosi, 14 Juni.
Basi limeondoka saa mbili asubuhi. Oswald naye alikuwa ndani! Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya wanaorudi tangu mwanzo, mnafiki yule. Domitila alikataa kuubeba ubao, akisema utamharibia kitenge. Alinishika mkono dirishani, nami nikasahau kwamba sijanawa. Ameondoka na kilima kiganjani.

Jumapili, 15 Juni.
Elinipa amekuja kunipa pole. Ameunusa ubao, akasema mawese hayakauki, hata nikingoja mwaka. Nimemwambia kwa heshima kwamba mtu wa Upareni hawezi kunifundisha mawese. Alipoondoka nimekwenda kwa Mwanvua, nimechukua lita nzima. Safari hii nachora ua wetu wa hapa Bangwe, na Domitila ameketi mlangoni anachambua mchele. Nitamtumia. Akiuona atapanda basi la kwanza kuja huku.
Yeye atarudi. Mimi, Burundi, sirudi.