Chesisi ya Babu na Chumvi ya Bwana Pushaw

Jumapili, 8 Machi

Hili sijawahi kumwambia mtu. Chesisi ya gari la Babu, fremu ya chuma inayolibeba, nimeiozesha mimi.

Kila vuli, kabla theluji ya kwanza haijaanguka, Babu hunipa pampu ya mkono na galoni ya oili chafu nikanyunyizie uvunguni. Nyonga yake haimruhusu tena kulala chali. Mji wetu wote wa Wexcombe hufanya hivyo, la sivyo chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma chote. Vuli tatu nimelala chini ya gari lile na tochi, nikasoma riwaya. Oili nilipaka bampa la nyuma tu, ili harufu isikike. Iliyobaki nilirudisha kwenye pipa. Babu alisikia kimya kule chini, akawaambia watu kwamba mjukuu wake Remi ana utulivu wa kazi.

Leo binamu yangu Solange amekuja kubadilisha bomba la moshi. Ana miaka kumi na nane, anasomea kuchomelea vyuma, na anajiona! Aligusa chesisi kwa bisibisi. Ikazama mpaka mpini. Akamwita Babu aje aone, akasema gari hili sasa limeshikiliwa na rangi na sala.

Stika ya ukaguzi, ruhusa ya gari kuwa barabarani, inaisha tarehe 31. Shangazi Lorraine ameshapiga simu. Gari likikataliwa, Babu anahamia kwake mjini, nyumba inauzwa, na mimi narudi kwa mama yangu kule Bangor kulala sebuleni. Huku juu ya kilima, bila gari hufiki hata dukani.

Babu ameilaani chumvi mpaka supu ya njegere ikapoa. Kisha akamlaani Bwana Pushaw, msimamizi wa barabara, anayeimwaga. Mimi nimemkasirikia Solange. Nani alimtuma achokoe?

Jumanne, 10 Machi

Nimepata dawa! Nimesoma vitabu viwili vya maktaba na nusu ya cha tatu. Matundu yote kumi na moja nimeyashindilia karatasi, nikaziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Puti nimeikausha kwa mashine ya nywele ya marehemu bibi. Nina puti kwenye nyusi. Haitoki.

Solange amepita. Akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama nimepika keki ya harusi. Akaniita profesa. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa. Lilinijia dakika arobaini baada ya yeye kuondoka.

Alhamisi, 12 Machi

Aibu! Aibu ya mwaka!

Tumepeleka gari kwa Bwana Grindle, mkaguzi. Akalipandisha juu. Akatazama chesisi yangu nyeusi inayong'aa, akasema kwa gari la umri huu, hii ni nzuri kuliko meno yake. Babu akatabasamu. Mimi nikavimba. Kisha Grindle akachukua nyundo ndogo.

Pigo la kwanza, pande la puti likadondoka. La pili, likafuata jingine. La tatu, ikatoka karatasi. Grindle akaikunjua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya wateja watano: insha yangu ya Historia kuhusu anguko la Roma, jina langu juu, alama tisini na tano. Akasoma aya nzima ya kwanza! Kisha akasema mwandishi ni mzuri, lakini Roma ingeanguka mapema zaidi kama ingejengwa hivi.

Stika hakuna. Babu aliendesha gari huku insha yangu iko mapajani mwake. Afadhali angenitukana. Namchukia Grindle. Nyundo ya nini kwenye ukaguzi? Macho hayatoshi?

Jumamosi, 14 Machi

Solange amejifanya mkombozi. Anasema kuchomelea viraka haiwezekani, maana kiraka hushonwa kwenye nguo na hapa nguo hakuna. Lazima chesisi nzima ibadilishwe. Ameshaipata, ya gari kama letu, kutoka Tennessee, ambako theluji haijui njia. Babu ameitoa pikipiki yake ya theluji ili abadilishane na mwenye chesisi. Ameipapasa kiti kabla haijaondoka. Nimeona.

Nilipendekeza tusubiri wiki moja nisome zaidi. Solange alinipa ufagio nifagie ghala. Ufagio!

Jumatano, 18 Machi

Siku ya nne ghalani. Solange na rafiki zake wawili wa chuoni wamelinyanyua bodi lote kwa minyororo, likaning'inia kama ng'ombe wa buchani. Kazi niliyopewa mimi: kuweka bolti kwenye chupa za jamu na kuziandika. Mimi, niliyesoma vitabu viwili na nusu!

Nikaziandika vizuri, kwa mpangilio wangu mwenyewe, kwa majina ya wafalme wa Roma kwa zamu. Bolti za mbele, Augusto. Za kati, Tiberio. Saa tano Solange akauliza kwa ukali Nero ni wapi. Nikamwambia ni kushoto nyuma, jambo liko wazi. Akanitupia tambara la grisi.

Kisha likaja baya. Aliigeuza chesisi ya zamani, akaifuta kwa kidole, akanitazama mimi, si chesisi. Akasubiri Babu aingie ndani. Akasema humu oili haijapita hata tone moja tangu mimi niingie sekondari. Nikasema labda chumvi imeila. Akasema, "Remi, chumvi haili oili. Mficha uchi hazai. Mwambie mzee kabla ya Jumamosi."

Jumamosi ni mkutano wa mji. Kila Machi mji mzima hukaa kwenye ukumbi kupigia kura kila kitu, kuanzia daraja mpaka balbu za kanisani. Babu anataka kusimama na kumshtaki Bwana Pushaw hadharani kwa chumvi yake. Ameniomba nimwandikie hotuba, eti mimi ndiye mwenye kalamu.

Nitamwambia. Nimeshaandika mwanzo kwenye karatasi: "Babu, nina jambo." Lakini kwanza niimalize hotuba. Imefika kurasa nne na ni kali kweli.

Jumamosi, 21 Machi

Babu amepoteza sauti. Wiki mbili za kulaani zimemkausha koo. Ilipofika ajenda ya barabara akaninyooshea karatasi, akanisukuma mgongoni. Mimi! Ninayeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuandika!

Nikasimama. Nikasoma. Nilisema chumvi ni mwizi aliyealikwa. Nilisema kuna wazee waliojenga mji huu ambao sasa magari yao yanaanguka vipande mbele ya milango yao. Bibi mmoja akalia. Nikapandisha sauti. Sikujua ninayo!

Bwana Pushaw alikuwa safu ya pili, kofia magotini. Yeye ndiye huanza na kilima chetu kila theluji inapoanguka, kabla hata ya kwake, kwa sababu ya nyonga ya Babu. Hakujitetea sana. Alisema tu kwamba bila chumvi, kilima kitawaua watu. Ukumbi ukamzomea. Kura: tisini na mbili kwa thelathini na nane. Barabara za kilimani, mchanga tu, kuanzia leo.

Watu walinipa mkono. Mkuu wa mkutano aliniita kijana wetu. Kwenye chakula cha baada ya mkutano, maharage ya oveni, nikapewa kipande cha nyama ya nguruwe cha juu kabisa. Solange alipita na sahani yake, akaninong'oneza neno ambalo sitaliandika. Wivu!

Jumatatu, 30 Machi

Stika tumepata! Chesisi mpya, kavu, ya kijivu. Grindle aliigonga kwa nyundo mara sita, ikalia kama kengele. Akanitazama, akauliza safari hii kuna insha gani ndani. Mpuuzi.

Babu alibandika macho kwenye ile stika njia nzima. Shangazi Lorraine amepigiwa simu. Hatuhami. Babu amemkumbatia Solange, kisha mimi, na akasema mimi ndiye niliyempigania. Solange akaangalia dari.

Jumanne, 31 Machi

Jana jioni ilinyesha mvua ya barafu. Asubuhi kilima kizima kilikuwa kioo, na juu ya kioo kumerushwa vijiko vichache vya mchanga. Babu alikuwa akinipeleka shule. Kona ya kwanza, gari likazunguka kwa ustaarabu kabisa, likarudi kinyumenyume, likaingia mtaroni. Tuko wazima. Mlango wa kushoto umeingia ndani, taa imevunjika. Chesisi haijapinda hata kidogo.

Aliyekuja kutuvuta ni Bwana Pushaw na lori lake. Aliteleza njia yote ya kupanda. Babu akashuka, akavua kofia, akamwomba radhi palepale barabarani kwa sauti yake iliyokwaruza. Pushaw akasema, "Mzee Aurèle, ningemwaga, lakini mlipiga kura." Akafunga mnyororo. Babu akasema hasira yake ilikuwa ya chuma, si ya mtu. Kisha wote wawili wakanitazama mimi, kwa upole, kama watu wanaosubiri mtoto amalize sentensi.

Koo langu lilifunguka. Naapa lilifunguka. Nikasema nimechelewa mtihani wa Jiografia.

Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya barafu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikaingia chumbani. Nikachukua ile karatasi ya "Babu, nina jambo." Nikaigeuza upande wa pili, nikaandika barua kwa ofisi ya mji kuhusu ubora duni wa mchanga unaonunuliwa siku hizi: punje zake ni kubwa mno, tena ni za duara. Nikaongeza karatasi, zikafika kurasa tatu. Nikatia saini, nikabandika stempu, nikashuka kilima kwa makalio mpaka kwenye sanduku la posta, nikaitumbukiza.