Konokono Anaingia Sokoni

Jumatatu, 3 Machi
Siku nne kabla ya konokono wangu kuingia sokoni! Miaka mitatu nimemtengeneza peke yangu. Nimemchora mwenyewe. Sauti yake ni mimi nikifyonza chai. Nimempa jiko zima la kuvuka bila kugusa chumvi. Gemu imekamilika. Kilichobaki ni kidogo tu: dunia ijue.

Muda nilio nao wa kuitangazia dunia: saa moja ya chakula cha mchana. Saa nyingine ni za daktari wa meno, ambaye ninampokelea wagonjwa. Jioni ni za mke wangu na meza. Meza ni moja, chumba cha nyuma. Upande huu kompyuta yangu, upande ule cherehani yake, na mpaka ni utepe wa kupimia. Leo amesema sare za shule zimemzidi, anaitaka meza yote. Tumewekeana sharti. Watu mia wakipakua gemu kufikia Jumapili, meza ni yangu mwaka mzima. Wasipofika, mimi na konokono tunahamia jikoni.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Mia tu! Nimemwonea huruma. Nikamweleza mipango yangu, akasema chema chajiuza. Methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na gemu.

Kidevu amepiga simu. Nilisoma naye. Ana gemu ya magari ya zimamoto, imepakuliwa mara elfu nane, na hakosi kuitaja. Ati nimwambie mtu mmoja mmoja, nimwoneshe konokono akianguka, na anayeuliza nimjibu. Ushauri wa mtu anayeficha siri. Nimemshukuru kwa ubaridi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mashabiki sita! Mjane, mhandisi, mwanajeshi, mama wa mapacha, na wengine wawili ambao sikuwa na muda wa kuwapa kazi. Wote wameandika kwenye ukurasa wangu kwamba wanamsubiri konokono kwa hamu. Imenichukua dakika kumi na moja.

Jioni nikakuta Kidevu ameuliza chini ya maoni yao, kwa adabu ya kuudhi, kama mashabiki wote sita walisoma shule moja, maana wote wameandika “nimefurai”. Watu kumi na tisa wamecheka.

Lakini tazama: watu kumi na tisa wamefika ukurasani! Jana walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa mimi.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimewaandikia wachambuzi wa gemu arobaini. Mtu mwenye muda angeandika barua arobaini. Mimi nimeandika moja, nikaacha nafasi za kujaza, nikaituma kwa mkupuo. Kazi safi.

Kasoro ndogo: nafasi sikuzijaza. Arobaini wamepokea “Mpendwa JINA HAPA, sijasahau ulivyonigusa uliposema TAJA KITU.” Mmoja amejibu. Hana nafasi mwezi huu. Amesaini: Wako mtiifu, Jina Hapa.

Nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka sindano ikamchoma. Sikumpa pole haraka.

Ijumaa, 7 Machi
Siku yenyewe! Na wazo langu bora kuliko yote. Chumba cha kusubiria kina runinga inayofundisha kupiga mswaki. Wagonjwa sita, hawana pa kwenda, hawawezi hata kubisha. Nimeunganisha kompyuta. Konokono akatokea, mkubwa kama mtoto wa ng'ombe.

Sauti ilikuwa juu kabisa. Akafyonza. Akateleza kwenye sabuni, akaanguka chali. Mzee mmoja mwenye nyuzi kwenye fizi akacheka, akashika shavu, akalia, akacheka tena. Kule ndani, mgonjwa aliyekuwa ameachama kwenye kiti alishtushwa na ule mfyonzo, akafunga mdomo. Kidole cha daktari kilikuwa humo.

Daktari akatoka, koleo mkononi.

“Nikimsikia tena huyo mdudu,” akasema, “wewe na yeye mtatafuta kazi pamoja.”

Nikamwambia konokono si mdudu. Sikupaswa.

Katikati ya aibu hiyo, mama mmoja, mwalimu mstaafu, akanivuta shati. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi, kwa hiyo aliniandikia kwenye karatasi: gemu hiyo inaitwaje? Nimemwandikia jina harakaharaka ili aniache nihuzunike.

Waliopakua leo: wanne. Mke wangu ameusogeza utepe wa mpaka hadi chini ya kiwiko changu.

Jumamosi, 8 Machi
Sitini na mmoja! Sielewi. Pia nina ujumbe kumi na saba. Watu wamekwama kwenye bakuli la sukari, wanauliza njia. Sijawajibu. Nilikuwa nashona gamba.

Gamba la sifongo, ukubwa wa mtu. Nimelivaa mchana, nikashika njia kuelekea kituo cha basi na vipeperushi mia mbili. Nilitembea polepole ili nisiuharibu uhusika. Saa yangu ya mchana ikaisha nikiwa bado langoni pa zahanati. Nikageuka kurudi kazini, gamba likakwama mlangoni. Wagonjwa watatu nje, wawili ndani, mimi kizibo. Daktari alimpigia simu mke wangu aje na mkasi wake mkubwa. Alikuja. Alikata huku mabega yakimtikisika.

Vipeperushi vilivyochukuliwa: kimoja. Na upepo.

Jumapili, 9 Machi
Mia na kumi na wawili! Meza yangu!

Mwalimu mstaafu amepiga simu, sasa anaongea vizuri. Kumbe ana kikundi chake cha mazoezi ya asubuhi. Amewaonesha mmoja mmoja konokono akianguka, nao wakawaonesha wajukuu. Wanaokwama anawaelekeza mwenyewe, kwa kuwa mwenye gemu, amesema, hajibu. Nimemwambia nilikuwa na shughuli.

Mke wangu amesema, “Kwa hiyo Kidevu alikuambia kweli.”

Si kweli hata kidogo! Ni gamba. Mtu akiona gamba limekwama mlangoni, halimtoki akilini. Mke wangu akapiga magoti sakafuni kukata sare. Moyo ukanichoma. Nimemrudishia nusu ya meza. Amenipa busu kwenye utosi, akaniita mjinga wake. Nimelichukua kama pongezi.

Baada ya hapo nimetangaza Konokono wa Pili: atakuwa tayari baada ya wiki mbili. Sijaanza kumtengeneza, lakini bango limependeza sana. Ujumbe sasa umefika arobaini na tatu, wote watu wanaouliza kuhusu bakuli la sukari. Wanadhani muda wa kuwajibu nautoa wapi? Mimi natafuta wachezaji.